Kuondoa mabaka hatarishi ya kinywani kwa leza: kata, usiunguze

Kabla ya kuwasha mashine, majibu ya biopsi, yaani kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye baka, yawe mezani. Baka jeupe lisilokwanguka, au jekundu lisilo na sababu inayojulikana, linaweza kugeuka saratani. Kwanza liondolewe vichokozi: jino lenye ncha kali, fangasi, meno bandia yanayokwaruza. Lisipopungua baada ya wiki 2, chukua kinyama. Usikichukue palipo rahisi kufikika. Chukua palipo pekundu zaidi, pagumu au palipochubuka, maana huko ndiko seli mbaya hupenda kujificha. Baka kubwa lenye rangi mchanganyiko huhitaji vipande viwili au zaidi. Majibu yakisema saratani, mpango mzima unabadilika.

Leza ya kaboni dayoksaidi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, ndiyo inayofaa zaidi hapa. Nishati yake hunywewa na maji yaliyomo kwenye utando wa kinywa, kwa hiyo haizami sana, na mishipa midogo huzibwa papo hapo. Njia ni mbili: kukata baka lote, au kulifukiza, yaani kuligeuza mvuke kwa joto la mwale, hadi liishe. Penye nafasi, kata. Kinachofukizwa hakiwezi kupimwa maabara, na si mara moja saratani ndogo imeonekana kwenye kipande kilichokatwa ilhali biopsi ya awali haikuiona.

Mwale wenyewe hauonekani; unachokiona ni nukta nyekundu ya kulengea. Fyatua kwanza kwenye kijiti cha mbao kilicholowa uone kama alama ya kuungua imeangukia pale pale penye nukta. Vikipishana, usianze. Wote chumbani wavae miwani inayolingana na leza hiyo, mgonjwa naye afunikwe macho. Meno na midomo vikingwe kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, na ilowanishwe tena kila inapokauka, kwani shashi kavu hushika moto. Mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, mpira wa kupumulia uwe ule unaostahimili leza, puto lake lijazwe maji ya chumvi, na oksijeni isizidi asilimia 30. Dawa ya kusafishia yenye spiriti isitumike. Moshi unaweza kubeba virusi, hivyo mdomo wa kifyonza moshi uwe sentimita chache tu kutoka kwenye jeraha.

Chora mpaka kwa vinukta, milimita 3 hadi 5 nje ya baka. Choma ganzi nje ya mpaka huo. Weka mwale kwenye fokasi, pale unapokuwa mwembamba zaidi, wati 5 hadi 8 kwa kawaida, ukianzia chini. Shika ukingo kwa kibano, uvute ukaze, kisha ukate chini yake kwa mwendo usiokoma. Mkono ukisita, joto hujikusanya na nyama hugeuka mkaa. Mkaa nao hunywa joto zaidi na kuunguza hadi ndani. Ufute kwa shashi mbichi kabla ya kuendelea. Kingo zilizoungua pia humsumbua mtaalamu wa patholojia anayekipima kipande maabara, hawezi kusema kwa uhakika kama ugonjwa umefika ukingoni. Funga uzi upande wa mbele wa kipande, kitandaze juu ya kadi kisijikunje, ndipo ukitie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, ya asilimia 10.

Chini ya ulimi, tafuta kwanza midomo ya mirija ya mate. Ikiungua, kovu huiziba na tezi huvimba kila mgonjwa anapokula.

Jeraha huachwa wazi bila kushonwa. Utando wa manjano utakaolifunika si usaha, usikwanguliwe. Mwambie mgonjwa mapema asije akaogopa. Maumivu mara nyingi huzidi baada ya siku kadhaa, si siku ile ile, kwa hiyo dawa za maumivu zisikatizwe mapema. Ngozi mpya hukamilika baada ya wiki 3 hadi 6.

Mabaka hurudi, hata pale kingo zilipotoka safi, na leza haifuti hatari ya saratani. Tumbaku na pombe viachwe. Mwite mgonjwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka mingi, na ukague kinywa kizima: baka jipya linaweza kuota upande wa pili kabisa.