Kungoja Mtoto wa Kuasili kutoka Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Wanandoa Tunaoishi Marekani

Wanandoa wengi wa Afrika Mashariki tunaoishi Marekani huulizana jambo hili kwa sauti ya chini, ama baada ya miaka mingi ya kutafuta mtoto hospitalini, ama kwa sababu nyumba ina nafasi na moyo uko tayari: mtu anaanzaje kuasili mtoto kutoka nchi nyingine, na atangoja kwa muda gani? Mume wangu nami tulimngoja binti yetu kutoka Colombia kwa miaka mitatu na miezi minne, tangu siku tuliyotia saini mkataba na wakala hadi siku tuliyomshika mkono. Mwongozo huu unahusu kungoja kwenyewe, kwa sababu fomu huja na maelekezo ya kuzijaza, ilhali hakuna fomu inayowaambia watu wawili wafanye nini kati ya siku ya kukabidhi jalada, yaani faili la hati zao zote, na siku ya kupigiwa simu kwamba mtoto amepatikana.

Kabla ya kuanza, jueni kwa nini foleni ni ndefu. Mwaka 2004 familia za Marekani ziliasili watoto zaidi ya 22,000 kutoka nchi za nje. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya 1,300. Guatemala ilifunga mlango mwanzoni mwa 2008 baada ya kashfa za watoto waliochukuliwa kwa hila, Kenya ikasitisha mwaka 2014, Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018, na China ikamaliza mpango wake mwaka 2024. Aidha, Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, ambao Marekani imeutekeleza tangu tarehe 1 Aprili 2008, unataka mtoto atafutiwe kwanza familia katika nchi yake, na apelekwe ng'ambo pale tu familia hiyo inapokosekana. Hivyo sehemu kubwa ya kungoja kwenu ni muda ambao maofisa wa nchi nyingine wanautumia kumtafuta shangazi, bibi au mjomba wa mtoto huyo. Mimi nilipolielewa hilo, niliacha kuihesabu kila wiki kuwa wiki niliyoibiwa.

Jambo linaloamua urefu wa kungoja kuliko yote ni mtoto gani mmesema mnaweza kumlea. Tulikwenda kikao cha kwanza tukiwa na sura ya mtoto mchanga vichwani, na ofisa akatueleza kwa upole kwamba Colombia huwapa wageni wasio na asili ya nchi hiyo watoto waliokaribia miaka saba au kuipita, ndugu wanaopaswa kukaa pamoja, au watoto wenye ulemavu na maradhi ya kudumu. Sheria yao ya mwaka 2006 inataka pia kila mzazi awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 15 au zaidi. Msijaze dodoso la umri na afya usiku mmoja mkiwa mmechoka. Kaeni nalo kwa majuma kadhaa, mchukue kila ugonjwa uliotajwa mmoja baada ya mwingine, muulize daktari wa watoto maisha ya kila siku na mtoto huyo yakoje, kisha kila mmoja aandike jibu lake peke yake kabla ya kulinganisha. Penye tofauti, anayesema hapana asisukumwe. Ndiyo ya kulazimishwa hugeuka mzigo kwa mtoto ambaye hakuwepo mlipokuwa mkibishana.

Nyaraka zinazokufa mkiwa mnangoja

Utaratibu kwa nchi iliyo ndani ya Mkataba, kwa ufupi, ni huu. Mnachagua wakala aliyeidhinishwa chini ya sheria za shirikisho. Ofisa ustawi wa jamii anafanya tathmini ya nyumba yenu. Mnapeleka fomu I-800A kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ili mthibitishwe kuwa wazazi wanaofaa, na angalau mmoja wenu lazima awe raia wa Marekani. Jalada linatafsiriwa na kupelekwa nchi ya mtoto. Na mtoto anapopendekezwa mnawasilisha fomu I-800 kwa ajili yake yeye mahususi. Msiikubali njia ya mkato inayogeuza mpangilio huo, hata ikiletwa na mtu mnayesali naye.

Tatizo ni kwamba karatasi hizi zina uhai mfupi kuliko foleni. Tathmini ya nyumba isizidi miezi 6 siku inapowasilishwa USCIS. Kibali cha I-800A hudumu takriban miezi 15, na maombi ya kukiongeza muda hupelekwa ndani ya siku 90 za mwisho kabla hakijaisha, si baada yake. Vyeti vya daktari, barua za mwajiri na ripoti za polisi navyo vina tarehe zake nchi ya mtoto. Sisi tulibandika kalenda kubwa nyuma ya mlango wa jikoni, tukaandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kufa kwa kila hati, na kwa kalamu ya bluu tarehe ya kuanza kuifufua, miezi minne kabla. Kila tarehe 1 ya mwezi tulisimama mbele ya mlango ule na vikombe vya chai mkononi, tukasoma mstari kwa mstari. Dakika kumi zile zilituokoa mara mbili.

Hazikutuokoa mara ya tatu, na kosa hilo ni la kwetu sisi watu wa familia kubwa, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kukaa nasi, nasi tukampokea kama mama anavyopokewa, bila kumwambia ofisa. Kila mtu mwenye miaka 18 au zaidi ambaye makazi yake ni nyumba yenu huhesabiwa katika tathmini: huchukuliwa alama za vidole, na huchunguzwa katika sajili za watu waliodhulumu watoto. Uchunguzi huo unahusu mahali pote alipowahi kuishi tangu alipotimiza miaka 18, na kwa mama wa miaka 67 hiyo ni safari ndefu ya nyuma. Ziara ya mama ilipogeuka kuwa makazi, tathmini ilibidi irekebishwe na jalada likasimama miezi mitano. Basi, kabla ya kumkatia tiketi shemeji, binamu au mzazi, mwandikieni ofisa barua pepe na mngoje jibu la maandishi. Fanyeni vivyo hivyo mkihama nyumba, mkibadili kazi, mkipata ujauzito, au mkipokea mtoto wa ndugu.

Kwa waliozaliwa au kufunga ndoa Afrika Mashariki, agizeni nakala mpya za vyeti mapema. Wa Tanzania wataanzia RITA, wakala wa serikali wa usajili, na cheti cha polisi cha tabia njema kitahitaji alama za vidole zilizochukuliwa kwenye karatasi. Hati za Marekani zinazokwenda Colombia hupigwa apostili, yaani muhuri wa kuzithibitisha kwa matumizi ya nchi nyingine, za jimbo katika ofisi ya katibu wa jimbo na za shirikisho katika Wizara ya Mambo ya Nje, lakini hati ya nchi nyingine haipigwi apostili ya Marekani. Muulizeni wakala kwa maandishi ni njia gani ya uthibitisho itakubaliwa kwa kila cheti cha nyumbani kabla ya kukilipia.

Fedha nitaipitia haraka. Nafuu ya kodi kwa wanaoasili, ambayo kwa mwaka 2025 inafika dola 17,280 kwa mtoto mmoja, haidaiwi kwa mtoto wa ng'ambo mpaka mwaka ambao kuasili kumekamilika. Msikope mkiitegemea.

Wazee, dini na jina la mtoto

Habari hii itafika nyumbani, na ni heri ifike kwa mdomo wenu. Mama mkwe alituuliza jioni moja akichambua mchele, bila kuinua macho kwenye ungo: "Mwanangu, mtoto wa watu huyo ataniita nani?" Mume wangu akamjibu, "Atakuita Bibi, Mama." Akachambua kidogo, kisha akauliza kama mtoto anakula wali. Msiwatarajie wazee wote wafike haraka namna hiyo. Wapeni jambo la kufanya badala ya hoja: kushona blanketi, kurekodi hadithi, kuchagua jina la pili ambalo litafuata jina la mtoto mwenyewe, maana mtoto wa miaka minane tayari ana jina na halipaswi kuondolewa.

Waislamu miongoni mwetu wana swali la nasaba, nalo ni zito. Kuasili kwa sheria ya Colombia hukata uhusiano wa kisheria na familia ya kwanza na kumpa mtoto majina ya ukoo ya wazazi wapya, ilhali kafala, kama inavyotumika Morocco, humpa mtoto malezi bila kuibadili nasaba yake. Zungumzeni na sheikh mnayemwamini kabla ya kuchagua nchi. Mkishakabidhi jalada, mmechelewa.

Kujiandaa kwa mtoto ambaye hamjamjua

Sheria inawataka wazazi mafunzo ya saa 10 au zaidi. Chukueni mara tatu ya hizo. Mtoto aliyepita mikono mingi anaweza kuficha chakula chini ya mto, kumkumbatia mgeni dukani, au kumkataa mama na kumng'ang'ania baba, na mwenye kuyajua hayo mapema hatayapokea kama utovu wa adabu.

Kisha jifunzeni lugha yake, wote wawili, kila siku. Tulitumia nusu saa baada ya chakula cha jioni, na kwa ushauri wa mwalimu tuliacha salamu za kitalii tukaanza na maneno ya mwili na hofu: "tengo hambre", nina njaa, "me duele aquí", panauma hapa, "tengo miedo", naogopa. Mume wangu aliyaandika kwenye vikaratasi, akavibandika chooni, kwenye friji na pembeni ya kitanda kitupu. Usiku wa kwanza kule Bogotá binti yetu alisema neno moja tu, "miedo", na sisi tulilielewa bila mkalimani.

Simu ya pendekezo ikija, msijibu siku hiyo. Ombeni faili lote, mpelekeeni daktari wa watoto mwenye uzoefu wa watoto walioasiliwa kutoka nje, na muulize maswali kupitia kwa wakala: nani alimlea, ana ndugu wangapi na wako wapi, alitangazwa lini na kwa sababu gani kuwa anaweza kuasiliwa. Nchini Colombia tangazo hilo hufanyika chini ya mamlaka ya ICBF, taasisi ya taifa ya ustawi wa familia, na mna haki ya kuelewa msingi wake. Jibu lisilo wazi ni sababu ya kusimama. Mkataba pia unakataza wanaotaka kuasili kuwasiliana na wazazi au walezi wa mtoto kabla ya masharti ya kisheria kutimia, kwa hiyo msimtafute mtandaoni na msitume zawadi kwa mkono wa mtu.

Wale wanaofikiria Congo wakumbuke mwaka 2013, Kinshasa iliposimamisha vibali vya kuwaondoa watoto nchini. Familia zilizokuwa na hukumu ya kuasili mkononi zilingoja miaka, huku watoto wao kisheria wakikua upande wa pili wa bahari. Mtoto asihesabiwe kuwa yuko safarini hadi viza itoke.

Kungoja kwa pili

Baada ya kukubali pendekezo kuna kungoja kwingine, nako kwangu kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa sasa kuna picha. I-800 inapata idhini ya awali, maombi ya viza yanafunguliwa, na ubalozi wa Marekani unatoa kwa mamlaka ya nchi ya mtoto barua ya Kifungu cha 5 cha Mkataba wa The Hague, inayothibitisha kwamba mnafaa na kwamba mtoto ataruhusiwa kuingia Marekani. Mpaka barua hiyo itoke, msiasili wala msipokee ulezi wa mtoto, maana mkitangulia mtaharibu njia ya viza.

Mkiruhusiwa, tumeni albamu. Yetu ilikuwa na kurasa kumi na mbili: mlango wa mbele, kitanda, shule, theluji ya Minnesota ikifika magotini pa baba, mikono ya Bibi ikikanda chapati, kila picha na sentensi moja ya Kihispania. Binti yetu alitushukia nayo kifuani, pembe zake zimekunjika, na ukurasa wa chapati una doa la mafuta ambalo si la kwetu.

Pangeni likizo sasa. Sheria ya shirikisho ya likizo ya familia huwapa wafanyakazi wenye sifa majuma 12 yasiyolipwa, na yanaweza kuanza kwa safari ya kwenda kumchukua mtoto, lakini wenzi walioajiriwa na mwajiri mmoja hugawana majuma hayo 12. Colombia huwataka wote wawili wafike, na hukumu ya mahakama ya familia, pasipoti mpya, uchunguzi wa daktari na viza huchukua majuma kadhaa. Pakieni nguo za namba mbili tofauti, kwa sababu vipimo vilivyomo kwenye faili ni vya zamani.

Mtoto aliyeasiliwa kikamilifu kule huingia kwa viza ya IH-3, na akiwa chini ya miaka 18 na akija kuishi na mzazi wake aliye raia, anakuwa raia wa Marekani anapopokelewa mpakani. Cheti cha uraia huletwa kwa posta: siku kikifika, linganisheni kila herufi ya jina na hukumu ya mahakama kabla ya kukifungia kabatini. Kwenye ile kalenda ya jikoni, kabla hamjaondoka nyumbani, andikeni pia tarehe za ripoti za baada ya kuasili, ambazo kwa Colombia ni nne ndani ya miaka miwili. ICBF huzisubiri ripoti hizo, na wanandoa wengine walio kwenye foleni hutazamwa kwa jinsi sisi tuliotangulia tulivyozipeleka.