Ukibadilisha anwani ya IP ya seva ya Linux, usianze kwa kufuta

Mimi sifuti anwani ya zamani kabla mpya haijakaa. Eth0 (kadi ya mtandao ya seva) ikibaki bila anwani yoyote ya IPv4, kerneli (kiini cha Linux) huondoa njia zote za IPv4 (routes, yaani maelekezo ya data ipitie wapi) za kadi hiyo, hata ulizoandika kwa mkono, na ukirudisha anwani hazirudi zenyewe. Kama uliingia kwa SSH ukiwa mbali, ndiyo basi tena.

Hifadhi njia zako: `ip route show > njia.txt`. Ongeza anwani: `ip addr add 192.168.20.5/24 dev eth0`. Hamisha lango (gateway): `ip route replace default via 192.168.20.1`. SSH ikiganda hapo, ingia upya kupitia anwani mpya. Kisha `ip route get 8.8.8.8`, mbele ya `src` (anwani ambayo data inatokea) isomeke 192.168.20.5. Ndipo ufute ya zamani, na urudishe kutoka njia.txt zile zilizopotea.

Angalizo kubwa: anwani mpya ikiwa kwenye mtandao uleule wa zamani, mfano .5 kwenda .6, inahesabiwa ya pili, na ukifuta ya kwanza zinaweza kuondoka zote mbili! Tangulia na `sysctl -w net.ipv4.conf.eth0.promote_secondaries=1`, ili ya pili ipande kuwa ya kwanza.

Seva ikizimwa haya yote hufutika, kwa hiyo yaandike pia kwenye faili la mipangilio ya mtandao, la netplan au unalotumia.