Jinsi ya kupima unene wa ditekta kwa elektroni zinazopinda

Wasee wa fizikia, hii ni ya yule ako Chiromo ama popote hapa Nairobi, amepewa data ya bimu (mkondo wa elektroni) kutoka DESY, maabara ya fizikia kule Hamburg, ama anatengeneza yake na Geant4, programu ya kuigiza chembe zikipita kwa vitu, kwa laptop, na ameambiwa apime unene wa moduli ya ditekta (kipande cha kifaa cha kunasa chembe) na hajui aanzie wapi.

Kwanza achana na mikromita. Moduli ina silikoni, gundi, shaba, nyaya, zote zimelaliana, na elektroni haijali ni milimita ngapi, inajali ni milimita ngapi za nini. Ndio maana unene tunauhesabu kwa X0, yaani urefu wa mionzi, umbali ambao elektroni inapoteza karibu theluthi mbili ya enaji yake kwa kutoa mionzi: silikoni ni sentimita 9.37, aluminiamu 8.9, shaba 1.44 tu. Kakipande ka shaba ka milimita 1 kanasumbua elektroni kama aluminiamu ya milimita 6 hivi!

Elektroni ikipita ndani inasukumwa na viini vya atomu, kidogo huku kidogo kule, kama mtu anakatiza Gikomba na mzigo, na inatokea ikiwa imeelekea kando kiasi. Moja peke yake haikuambii kitu, upana wa pembe za nyingi ndio unaongea.

Teleskopu za DESY, yaani safu za sensa zinazofuatilia njia ya elektroni, huwa na sensa sita, kwa kawaida tatu mbele ya sampuli (hiyo moduli yako) na tatu nyuma. Chora mstari kwa zile tatu za mbele, chora mwingine kwa za nyuma (programu inaitwa Corryvreckan itakufanyia na ni ya bure), tofauti ya mielekeo ndio pembe yako. Pembe ya mlalo (x) na ya wima (y) zipime kila moja kivyake. Ukijaza histogramu utaona katikati ni gausi safi (umbo la kengele) lakini pembeni kuna mikia mirefu, sasa usifiti yote, chukua asilimia 98 ya katikati, na upana (sigma) wa gausi hiyo ndio kipimo chako.

Halafu hapa ndipo nawaomba sana mtulie. Hata bila sampuli kuna upana, kwa sababu sensa zenyewe na hewa zinapindisha elektroni, kwa hivyo lazima uwe na run tupu (kipimo bila sampuli), na upana wake unautoa kwa skwea. Tuseme kwa bimu ya GeV 2 (MeV 2000) umepata miliradiani 0.65 na sampuli, na 0.25 bila: 0.4225 toa 0.0625 ni 0.36, ruti yake 0.60. Ukitoa moja kwa moja unapata 0.40 na kila kitu kinaharibika hapo.

Sasa fomula ya Highland, inayounganisha upana wa pembe na unene (x hapa ni unene, si ule mwelekeo wa juu): upana kwa radiani ni 13.6 gawanya kwa momenta ya MeV, mara ruti ya x/X0, mara (1 + 0.038 ln(x/X0)). Hiyo 0.60 inatoka karibu asilimia 1.1 ya X0, ambayo ni aluminiamu ya milimita 1. Lakini usiiamini hivi hivi, pitisha kwanza mabamba ya aluminiamu ya unene unaojulikana, angalau matatu tofauti, utengeneze kalibresheni, kwa sababu enaji ya bimu huwa haiko sawasawa na ile imeandikwa.

Ukitaka ramani, gawa sampuli kwa viseli vidogo kulingana na mahali elektroni imegonga. Kiseli chenye elektroni 200 kina makosa ya asilimia 5 kwa upana, na kwa unene yanakuwa 10 kwa sababu unene unafuata skwea ya pembe. Ukitaka asilimia 1 kwa unene tafuta 20,000 kwa kila kiseli, ama panua viseli.