Kuondoa amri zinazorudiana kwenye programu

Mfano wetu ni programu ya stoki inayotumika kwenye madepo ya Kadutu, hapa Bukavu. Ina `orodha`, `onyesha` na `liste`, na zote zinatoa bidhaa zilezile. Tubakize ipi?

Hatua ya 1. Hakikisha kweli zinafanana. Endesha zote, linganisha matokeo kwa `diff`, amri inayoonyesha tofauti za mafaili mawili. Utakuta `liste` inatenganisha safu kwa nukta mkato, `orodha` kwa tabo. Kwa macho ni mamoja. Lakini Excel ya Kifaransa inataka nukta mkato, na kuna skripti ya jioni (faili la amri zinazoendeshwa kwa mfululizo) inayoitegemea. Basi kwanza ipe `orodha` chaguo la nukta mkato, ndipo uguse `liste`.

Hatua ya 2. Tafuta anayeitumia amri unayotaka kuondoa: skripti, cron (kiendesha kazi kwa saa zilizopangwa), hata karatasi iliyobandikwa ukutani kwa karani. Mashine nyingi haziko kwenye intaneti, kwa hiyo programu iandike majina ya amri kwenye faili palepale, nawe uisome kwa ruhusa ya mwenye depo.

Hatua ya 3. Toa onyo, amri ikiendelea kufanya kazi. Onyo lipite `stderr`, njia ya ujumbe wa makosa. Likipita `stdout`, njia ya matokeo yenyewe, litaingia katikati ya hesabu za mtu. `egrep`, amri ya kutafuta maneno kwenye mafaili, ilifanyiwa hivyo kwenye GNU grep 3.8, mwaka 2022: inatafuta kama kawaida, ila inakuambia utumie `grep -E`.

Hatua ya 4. Iondoe kwenye toleo kubwa, 1.x kwenda 2.0. Kuiondoa kwenye toleo la kurekebisha hitilafu ni kuwavizia watu.

Swali (Goma): Mkubwa, kuna lazima gani? Git, programu ya kutunza historia ya kodi, ilileta `switch` na `restore` mwaka 2019 zifanye kazi za `checkout`, na `checkout` iko mpaka leo.

Jibu: Kweli, ndugu. Ikiwa imeenea mno, itoe kwenye msaada tu, uiache iishi. Ila Git hiyohiyo, tangu toleo 2.51, ukiita `git whatchanged`, inayorudia kazi ya `git log`, inakataa mpaka uongeze `--i-still-use-this`. Napenda sana ujanja huo: anayeihitaji kweli atajitokeza.

Swali: Onyo likae miezi mingapi?

Jibu: Usihesabu miezi. Megabaiti ni ghali, wengine wanasubiri fundi apite na flashi. Hesabu matoleo mawili yaliyokwisha kufika kwenye depo la mwisho.

Swali: Ikishaondolewa, mtu akiiita, irudishe sifuri, yaani namba ambayo programu huiacha ikimaliza kazi?

Jibu: Hapana! Sifuri inaiambia skripti kwamba mambo yamekwenda sawa. Rudisha namba nyingine, na utaje amri mpya kwenye ujumbe.