Namna ya Kupanga Safari ya Familia Kwenda Maeneo ya Kihistoria na ya Urithi wa Asili

Familia nyingi huanza kupanga safari ya namna hii kwa kuandika majina ya vivutio maarufu, kisha hugawa siku walizo nazo kwa idadi ya vivutio hivyo. Mpango huo hupendeza kwenye karatasi, lakini huvunjika siku ya pili tu, mtoto wa miaka mitano anapoketi katikati ya magofu na kukataa kuendelea, au bibi anapofika chini ya ngazi ndefu na kutambua kwamba magoti yake hayatamfikisha juu. Ushauri wangu ni kuanza na yule atakayechoka mapema kuliko wote. Pima anaweza kutembea kwa muda gani bila kupumzika, hula na kulala saa ngapi, huvumilia jua kiasi gani, ndipo uchague mahali pa kwenda. Safari inayomfaa yeye kwa kawaida huwafaa wote, na mara nyingi maana yake ni kwamba mtatembelea eneo moja kubwa kwa siku, asubuhi, na kuiacha alasiri iwe ya kupumzika.

Kuchagua mahali

Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ni mwanzo mzuri wa utafutaji. Mkataba unaoisimamia ulipitishwa mwaka 1972, na maeneo 12 ya kwanza yaliingizwa mwaka 1978, yakiwamo visiwa vya Galápagos, hifadhi ya Yellowstone, makanisa ya Lalibela yaliyochongwa ndani ya mwamba nchini Ethiopia, na kisiwa cha Gorée nchini Senegali. Leo orodha hiyo ina maeneo zaidi ya 1,200, mengine ya kitamaduni, mengine ya asili, na machache yenye sifa zote mbili. Maelezo yake yatakueleza vizuri kwa nini mahali fulani pana thamani kwa wanadamu wote, lakini hayatakuambia kama pana kivuli, kama pana choo karibu, wala kama mtoto wako ataruhusiwa kuingia.

Hilo la kuruhusiwa huwashtua wengi. Wanaokwenda kuwaona sokwe wa milimani nchini Uganda au Rwanda lazima wawe wametimiza miaka 15, kila kundi la wageni hupewa saa moja tu mbele ya wanyama, na mwenye mafua hurudishwa, kwa sababu sokwe huambukizwa kwa urahisi magonjwa ya kupumua ya binadamu. Mnara wa Pisa nchini Italia hauwapokei watoto wa chini ya miaka 8. Makumbusho ya Auschwitz nchini Poland hushauri kwamba watoto wa chini ya miaka 14 wasipelekwe. Soma masharti hayo kwenye taarifa rasmi za eneo lenyewe kabla hujalipia usafiri, na kama mmoja wa watoto hafikii umri unaotakiwa, ni heri kuchagua mahali pengine kuliko kumwacha hotelini akihesabu saa.

Mwinuko nao unahitaji uangalifu. Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka nchini Peru, ipo mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, lakini mji wa Cusco ambao wageni wengi hupitia uko kwenye mita zipatazo 3,400, na ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza mtu anapovuka mita 2,500. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba kichwa kinamgonga au kwamba anahisi kichefuchefu; atakataa chakula, atalia bila sababu inayoonekana, na hatalala. Ndiyo maana familia zenye watoto hufanya vyema kushuka kwanza na kulala siku mbili tatu katika Bonde Takatifu, ambalo liko chini kuliko Cusco, kabla ya kurudi mjini. Dalili zikizidi, tiba ya kwanza ni kushuka chini bila kungoja kesho.

Kuhusu majira, usiridhike na maneno "msimu mzuri" bila kuuliza ni mzuri kwa ajili ya kuona nini. Katika maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaitwayo pia Victoria, mto Zambezi hujaa kati ya Machi na Mei, na pazia la maji lenye upana wa takribani mita 1,700 hutoa mvuke mzito kiasi cha kulificha poromoko lenyewe. Kufikia Oktoba na Novemba maji huwa yamepungua mno, hasa upande wa Zambia, na mwamba hubaki wazi. Familia inayotaka kuona maji na mwamba kwa pamoja itafanya vizuri kwenda katikati ya mwaka. Vivyo hivyo Serengeti: wageni wengi humiminika kati ya Julai na Septemba ili kuwaona nyumbu wakivuka mto Mara, jambo linaloweza kudai saa nyingi za kungoja ndani ya gari. Mimi naamini watoto hunufaika zaidi na majira ya kuzaa, yanayofika kilele mwezi Februari kwenye nyanda za kusini, ambapo ndama husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa na kuanza kumfuata mama yake. Hapo hakuna kungoja, na mtoto wa umri wowote huelewa anachokitazama.

Nyaraka, tiketi na chanjo

Hakikisha kila pasipoti, pamoja na za watoto, imebakiza angalau miezi 6 kabla ya kuisha muda wake, kwa kuwa nchi nyingi hudai hivyo. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebewe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo usiiache hadi wiki ya mwisho. Dawa za kinga ya malaria kwa watoto hupimwa kwa uzito wa mwili, na daktari ndiye anayepaswa kuzipanga.

Maeneo yenye wageni wengi sasa huuza tiketi za saa maalumu. Anayechelewa saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya Majumba ya Nasrid, ndani ya ngome ya kale ya Alhambra nchini Hispania, hukosa nafasi ya kuingia humo, hata kama bustani zote nyingine ziko wazi kwake. Chagua saa ya kwanza ya kufunguliwa kila inapowezekana, kwani hewa bado ni baridi, watu ni wachache, na watoto hawajachoka.

Kuwaandaa watoto kwa hadithi

Hii ndiyo sehemu ambayo wazazi wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Mtoto akifikishwa mbele ya ukuta wa kale bila maandalizi, huona mawe. Akifika akiwa na swali analotaka kulijibu, hutazama kwa macho mengine kabisa, na uchovu wake hupungua.

Chukua mfano wa nyayo za Laetoli nchini Tanzania, zilizogunduliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey. Ziliachwa miaka milioni 3.6 iliyopita na viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, ambayo baadaye yaliganda. Nyayo zenyewe zimefukiwa ili zisiharibike, na anachokiona mgeni katika jumba la makumbusho la Olduvai ni nakala. Kabla ya safari, mwagieni maji mchanga, kisha mtu mzima na mtoto watembee juu yake bega kwa bega, wapime urefu wa hatua zao na kina cha visigino. Mtoto aliyefanya hivyo hatahitaji kuambiwa atazame kwa makini, kwa sababu atakuwa analinganisha.

Kwa Great Zimbabwe, ambako kuta zinazofikia urefu wa mita 11 zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha, mpe mtoto vipande vya mawe ajaribu kupanga ukuta unaofika magotini pake bila kuanguka. Kwa Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia uliofukiwa na mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79, mwambie atafute mitaro iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni katika mawe ya barabara, na yale mawe makubwa yaliyowekwa ili watu wavuke bila kukanyaga uchafu. Lakini huko Pompeii zipo pia sanamu za plasta, zilizopatikana kwa kujaza mashimo yaliyoachwa na miili ya waliokufa, mbinu iliyotumiwa na Giuseppe Fiorelli kuanzia mwaka 1863. Mtoto na aelezwe jambo hilo mapema na kwa utulivu, apewe pia haki ya kusema kwamba hataki kuziona.

Usiyakwepe maeneo yenye historia chungu kwa kuwa tu una watoto. Katika kisiwa cha Robben nchini Afrika Kusini, ambako Nelson Mandela alifungwa kwa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, gereza limekuwa likioneshwa na watu waliowahi kufungwa humo. Kijana wa miaka kumi na miwili anayemsikia mtu akisema "nililala hapa" hujifunza kitu ambacho maelezo ya ukutani hayawezi kumpa. Mwongozaji yeyote utakayempata, mweleze umri wa watoto kabla ya kuanza, na umwombe afupishe na awaulize maswali. Kila mtoto apewe kazi: mmoja ashike ramani, mwingine apige picha, mdogo kabisa ahesabu milango au matao. Hifadhi nyingi za taifa za Marekani zina mpango wa mhifadhi mdogo, ambapo mtoto hupewa kijitabu cha mazoezi na, akikikamilisha, hupokea beji kutoka kwa mhifadhi. Ukipita huko, tenga muda wake.

Mkiwa ndani ya eneo

Mpige picha kila mtoto asubuhi akiwa amevaa nguo za siku hiyo, na uandike namba yako ya simu kwenye karatasi iliyo mfukoni mwake. Mfundishe kwamba akipotea asimame pale alipo na amtafute mtu mwenye sare. Kigari cha kusukuma mtoto hakifai kwenye barabara za mawe wala kwenye ngazi za mahekalu. Mbeleko ni bora. Ndani ya piramidi ya Khufu njia ni finyu, ina joto, na watu wazima hulazimika kuinama kwa muda mrefu, kwa hiyo amueni mapema nani atabaki nje na nani atamtunza asiyeingia.

Katika maeneo ya asili, hatari kubwa hutokana na mambo yanayoonekana kuwa rahisi. Katika korongo la Grand Canyon nchini Marekani, lenye kina cha takribani mita 1,600, kushuka hakumchoshi mtu, lakini kupanda huchukua karibu mara mbili ya muda huo, tena katika joto. Mkishuka kwa nusu saa, tengeni saa nzima ya kurudi, na msithubutu kushuka hadi mto ulio chini ya korongo na kurudi kwa siku moja. Katika Yellowstone, maji ya chemchemi yanayokaribia kuchemka yamefunikwa mahali pengine na tabaka jembamba la ardhi, na ndiyo sababu njia za mbao hazitokwi kamwe. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote. Sheria ya huko huwataka wageni wakae mita zisizopungua 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine, pamoja na nyati anayeonekana mpole. Galápagos, umbali ni mita 2. Wanyama wa huko hawamwogopi binadamu, jambo linalomfanya mtoto adhani ameruhusiwa kuwagusa, na mzazi asipoeleza kabla ya kushuka chomboni atakuwa amechelewa.

Neno "usiguse" pekee halimfundishi mtoto. Msimulie habari za pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye michoro ya wanyama ya maelfu ya miaka, iliyogunduliwa mwaka 1940. Pango lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1948, na pumzi zao, joto la miili yao na taa vikalifanya liote mwani, hata likafungwa mwaka 1963. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu walikuwa wanapumua tu. Leo wageni hutazama nakala iliyotengenezwa kwa ustadi, na nakala kama hiyo ni mahali pazuri mno kwa watoto, ambao huweza kuuliza na kushangaa bila mzazi kuwa na wasiwasi. Kwenye matumbawe, kwa sababu hiyohiyo, mtoto asisimame juu ya mwamba ulio hai, na nguo ya kuogelea yenye mikono mirefu imkinge na jua badala ya losheni. Palau, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, imepiga marufuku tangu mwaka 2020 losheni zenye kemikali zinazodhuru matumbawe. Na pale wenyeji wanapoomba eneo lisikanyagwe, kama watu wa Anangu, wenyeji wa asili wa Australia, walivyoomba kuhusu mwamba wao mtakatifu wa Uluru hadi upandaji ukafungwa Oktoba 2019, mweleze mtoto sababu yao kama wao wenyewe wanavyoieleza.

Kila jioni, kila mmoja achore au aandike kitu kimoja alichokiona, kisha muangalie pamoja mpango wa kesho na kuamua kama kuna cha kuondoa. Siku ya mwisho msiipangie chochote. Muulize mtoto ni wapi, kati ya mlikopita, angependa kurudi, na kama pako karibu, mpelekeni, hata kama anachotaka kukiona tena ni mjusi aliyemwona juu ya ukuta.