Picha za karibu sana zenye ukali: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Lamu

Masonara wa Lamu hutengeneza pete ya fedha iliyopachikwa kipande cha gae la kauri ya zamani, la bluu juu ya nyeupe, lililosuguliwa hadi likapata umbo la yai. Nilipoombwa kwa mara ya kwanza kupiga picha za pete hizo ili ziuzwe mtandaoni, niliichukulia kuwa kazi ya asubuhi moja, kwa kuwa nilikuwa nimezoea harusi na majahazi. Mzee mwenye duka alizitazama picha zangu kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, gae naliona, na pete je?” Alikuwa na haki. Ua la bluu katikati ya gae lilikuwa wazi kabisa, lakini kingo za fedha na meno madogo yanayolishikilia gae yalikuwa yameyeyuka kama samli juani.

Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata tangu siku hiyo. Utahitaji kamera inayobadilishwa lenzi, lenzi ya makro, yaani ile iliyotengenezwa kwa kupiga vitu vidogo kwa karibu sana, na tripodi. Asiye na lenzi ya makro anaweza kuanza na mirija ya kurefusha, ile inayofungwa kati ya kamera na lenzi ya kawaida. Hesabu zote zitabaki karibu zilezile.

Hatua ya 1: Jua wembamba wa eneo litakaloonekana wazi

Lenzi ya makro ya kweli hufikia ukubwa wa 1:1, maana yake kitu chenye upana wa milimita 36 hujaza upana wote wa sensa (kibao kinachonasa mwanga ndani ya kamera) ya milimita 36 kwa 24. Katika ukubwa huo, ukifungua tundu la lenzi, ambalo wapiga picha wengi huliita apacha, kwa f/4 (nambari hii ikikua, tundu hupungua), eneo linaloonekana wazi kutoka mbele hadi nyuma huwa na unene wa takriban nusu milimita. Kwa f/8 huwa takriban milimita moja, na kwa f/16 takriban milimita mbili. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kwa f/8 unafanya kazi ndani ya nafasi iliyozidi unene wa kadi hiyo kwa kiasi kidogo tu, na kila kilicho mbele yake au nyuma yake kitatoka na ukungu.

Hesabu hizi zina faida moja ambayo wengi huipuuza. Ukirudi nyuma hadi ukubwa wa nusu, yaani 1:2, eneo hilo kwa f/8 huongezeka hadi karibu milimita tatu. Ikiwa kamera yako ina pikseli za kutosha, mara nyingi ni heri kupiga kwa 1:2 na kukata kingo za picha baadaye kuliko kung’ang’ania 1:1 na kupata ua lisilo na pete.

Hatua ya 2: Tafuta sakafu isiyotikisika

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilikuwa nimetandaza vifaa vyangu orofani katika nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, mahali penye mwanga mzuri usio mkali, na kila picha ya nne au ya tano ilitoka na ukungu bila sababu niliyoweza kuiona. Nilibadilisha lenzi na kukaza kila parafujo ya tripodi, na hali ikabaki ileile. Alasiri nikaona maji yakitetemeka ndani ya gilasi iliyokuwa mezani, na papo hapo nikasikia watoto wakipita chumba cha pili. Dari za nyumba zetu za kale, ambazo ndizo sakafu za orofa ya juu, hulazwa juu ya boriti za mikoko, nazo hunesa kidogo mtu anapotembea. Anayepiga picha ya mlango mzima hawezi kuliona jambo hilo, lakini katika 1:1 mtetemo wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha kufuta kila mstari.

Tangu hapo hufanya kazi chini, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, au kwenye baraza la mawe lililo dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, ambalo halitikisiki hata punda aliyebeba mawe apitapo kichochoroni. Ukiwa na shaka na mahali pako, weka gilasi ya maji kando ya kitu unachokipiga na uitazame kwa dakika moja.

Tripodi isimame kwa miguu minene, bila kuinua nguzo ya katikati, na mfuko wenye mchanga ning’iniza chini yake. Usibonyeze kitufe kwa kidole: tumia waya wa mbali au kipima muda cha sekunde mbili. Kamera yenye kioo cha ndani iwekwe kwenye hali ya kukiinua kioo kabla ya kupiga, kwa sababu pigo la kioo huonekana zaidi katika kasi za shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) zilizo kati ya nusu sekunde na 1/30. Kamera nyingi zisizo na kioo zina shata ya kielektroniki, nayo inafaa sana kwa kitu kisichosogea. Mfumo wa kutuliza mtikisiko uzime kamera ikiwa juu ya tripodi, isipokuwa unajua kwamba wako hutambua tripodi wenyewe.

Hatua ya 3: Sogeza kamera, si pete ya fokasi

Zima fokasi ya otomatiki, ile inayotafuta yenyewe mahali pa kuonekana wazi. Kwa umbali huu huhangaika mbele na nyuma, na ikitulia hutulia pasipotakiwa. Amua kwanza ukubwa unaoutaka kwa kuzungusha pete ya fokasi iliyo kwenye lenzi, kisha iache pete hiyo na uisogeze kamera yenyewe kwa reli ndogo iliyofungwa juu ya tripodi. Sababu ni kwamba ukizungusha pete ya fokasi katika umbali wa karibu, ukubwa wa kitu nao hubadilika, na utajikuta unafukuza fokasi na mpangilio wa picha kwa wakati mmoja. Kuza taswira kwenye skrini ya kamera mara kumi, usogeze reli taratibu, na usimame pale mikwaruzo ya fedha inapojitokeza. Usiitazame picha nzima. Utazame mkwaruzo mmoja.

Kamera ikiwa mkononi, mwili wako ndio reli: egemeza kiwiko, vuta pumzi, yumba mbele kwa milimita chache tu, na upige picha tano au sita mfululizo. Moja itatoka.

Hatua ya 4: Linganisha sensa na uso unaoutaka

Kwa kuwa una milimita moja tu, itumie mahali penye faida. Uso unaoutaka uwe sambamba na sensa. Ukiinama hata kidogo, upande mmoja wa picha utapotea. Kwa mapambo bapa, kama vile maua yaliyochongwa kwenye fremu ya mlango, tumia hila hii ya kioo kidogo cha mfukoni: kilaze bapa juu ya uso wa ubao, utazame kwenye skrini, na uirekebishe kamera hadi uone mdomo wa lenzi yako mwenyewe katikati ya fremu. Ukiuona hapo, sensa na ubao viko sambamba. Ondoa kioo, upige. Hila hiyo imeniondolea usumbufu mwingi kuliko kifaa chochote nilichokinunua.

Kwa kipepeo aliyekunja mabawa mambo ni yaleyale: simama ubavuni mwake, si mbele yake. Kwa mdudu anayekutazama, chagua jicho, na usisikitike mgongo unapofifia.

Hatua ya 5: Usifunge tundu la lenzi kupita kiasi

Fundi mwanafunzi akishasikia kwamba f/16 huongeza eneo lililo wazi, huenda moja kwa moja f/22, kisha f/32, na hushangaa kuona picha nzima imelainika kama iliyotazamwa kupitia shashi. Kosa si la lenzi. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutanda, na nukta moja huwa kiduara chenye ukungu. Mwingereza George Biddell Airy alikieleza kiduara hicho kwa hesabu mwaka 1835, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Upana wake hutegemea rangi ya mwanga na nambari ya tundu: kwa mwanga wa kijani na f/22 ni takriban sehemu tatu za mia za milimita, jambo ambalo kwa sensa za leo ni upana wa pikseli kadhaa.

Katika makro kuna mtego zaidi. Unapofika 1:1, lenzi imejitenga na sensa kiasi kwamba nambari halisi ya tundu huwa takriban maradufu ya ile uliyoiweka. Uliyeweka f/11 unafanya kazi kama mwenye f/22, na mwanga unaofika kwenye sensa umebaki robo. Kamera za Nikon zikiwa na lenzi zake za makro huonyesha nambari hiyo halisi kwenye skrini, ilhali za Canon huonyesha nambari uliyoiweka. Kwa hiyo watu wawili wanaolinganisha mipangilio yao wanaweza kubishana hadi magharibi, na kila mmoja akawa na haki.

Kwa nambari uliyoiweka, ushauri wangu ni f/11 kwa picha moja inayojitegemea katika 1:1, na f/5.6 au f/8 kwa picha zitakazounganishwa, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 7. f/22 niliiacha zamani.

Hatua ya 6: Mwanga na upepo

Fedha ni kioo: huakisi kila kilichopo chumbani, pamoja na uso wa mpiga picha. Mimi huzungushia pete kitambaa cheupe cha kanzu kilichokwisha kazi, nikaacha uwazi wa kupitishia lenzi tu, na mwanga ukaingia kupitia kitambaa.

Nje, adui ni upepo. Kusi inaposhika katikati ya mwaka, ua la yasmini halitulii hata sekunde moja, na kaskazi nayo ina siku zake. Kwa hiyo toka alfajiri kabla upepo haujaamka, na ukiweza, shikiza kikonyo kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti. Kwa viumbe wanaosogea, flashi ndiyo tegemeo. Flashi nyingi zikipunguzwa hadi 1/32 ya nguvu zake huwaka kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na muda huo ndio unaogandisha mwendo, si shata. Weka shata 1/200, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 200, na tundu f/11, kisha ufunike flashi kwa karatasi nyeupe nyembamba na uisogeze karibu kabisa na kiumbe, kwa kuwa mwanga ulio karibu ni laini na hauhitaji nguvu nyingi.

Wale kaa wadogo wa mikokoni, ambao dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, ni mtihani mzuri. Maji yakishatoka, kaa kitako kwenye tope karibu na mashimo yao na usisogee. Baada ya dakika kumi au kumi na tano watatoka tena mmoja mmoja. Lenzi nyingi za milimita 100 hufikia 1:1 kitu kikiwa takriban sentimita 30 kutoka kwenye sensa, yaani karibu sentimita 15 tu kutoka mdomo wa lenzi, na kaa hakubali ugeni wa karibu kiasi hicho. Ridhika na 1:3. Wapo wanaowatia wadudu kwenye friji ili watulie. Mimi sioni fahari ya picha kali ya kiumbe aliyeganda.

Hatua ya 7: Unganisha picha nyingi

Pete yenye kimo cha milimita 8 haiwezi kuwa wazi yote katika picha moja ya 1:1. Piga picha nyingi, kila moja ikiwa na fokasi iliyosogezwa kidogo, kisha programu kama Helicon Focus, Zerene Stacker au Photoshop ichukue sehemu kali ya kila moja na kuziunganisha. Hatua kati ya picha na picha iwe ndogo kuliko eneo lililo wazi ili zipandane: kwa f/8 mimi husogeza milimita 0.3, kwa hiyo pete hiyo hunigharimu picha 27 hivi. Mwangaza, ISO na rangi vyote viwekwe kwa mkono visibadilike katikati. Anzia sehemu iliyo karibu nawe, uende upande mmoja tu. Ukizungusha parafujo ya reli mbele kisha nyuma, italegea kidogo kabla ya kushika na hatua zako hazitalingana. Kamera nyingi mpya huweza kusogeza fokasi zenyewe. Ikiwa yako inaweza, iachie kazi hiyo. Baada ya kuunganisha, kagua kingo: mahali kingo mbili zinapopishana, programu huacha kivuli cheupe, nacho husahihishwa kwa mkono.

Hatua ya 8: Vumbi

Nilipompelekea yule mzee picha mpya, alizikuza kwenye simu yake, akasifu meno ya fedha, kisha akanionyesha unyuzi wa pamba uliolala juu ya ua la bluu kama kamba ya nanga. Kadiri picha inavyokuwa kali ndivyo uchafu nao unavyokuwa mkali. Kwa hiyo kabla ya kupiga, puliza pete kwa pampu ndogo ya mpira, ipanguse kwa brashi laini ya kuchorea, isishikwe tena kwa vidole ila kwa kibano chenye ncha za plastiki, kisha uikague katika skrini iliyokuzwa, nukta kwa nukta, kutoka kona moja hadi nyingine. Ukimaliza kazi, lenzi iliyokuwa ufukweni ipulizwe chumvi kwanza kabla ya kuguswa na kitambaa, ndipo ifungiwe katika kisanduku kisichoingiza hewa chenye vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, kwa sababu unyevu wa pwani hii huotesha kuvu ndani ya kioo.