Kijibwa kinachobweka kutwa: mtembeze hivi

Mbwa mdogo anayefungiwa uani hubwekea kila bodaboda inayopita, hutafuna kandambili na kufukua maua. Huitwa mkorofi, kumbe mara nyingi hana la kufanya. Uwanja unaonekana unamtosha kwa udogo wake, lakini harufu zote za humo ameshazimaliza.

Mtoe mara mbili kwa siku, dakika 15 hadi 20. Hapa Tabora jua huchelewa kuchomoza, hivyo saa 1 asubuhi bado kuna ubaridi. Jioni subiri saa 11 ipite. Septemba na Oktoba gusa lami kwa mgongo wa kiganja: usipovumilia sekunde 5, mpitishe kwenye mchanga chini ya miembe.

Tumia mkanda wa kifuani na kamba ya mita 2. Koromeo la mbwa wadogo ni dhaifu. Akizoea kuvutwa shingo anaweza kuanza kikohozi cha mlio wa bata bukini. Karibu na msikiti fupisha kamba, maana ukisababisha udenda uguse kanzu ya mtu anayekwenda kuswali, lawama ni yako.

Usimkokote. Akisimama kwenye shina la mwembe, mwache anuse mpaka atosheke, kwani kunusa humtuliza kuliko mbio. Hapo ndipo wengi hukosea: humrushia mpira nusu saa mfululizo, naye anarudi nyumbani amepandwa na mori, anabweka kuliko alivyotoka. Rusha mara 5 au 6 tu, kisha tawanya dagaa wachache wa Kigoma, wakavu wasiotiwa chumvi, kwenye majani awatafute. Baada ya hapo wengi hulala.

Anayebweka huku amefyata mkia anaogopa, na matembezi peke yake hayatamponya. Msogeze mbali na kinachomtisha, mpe dagaa akiwa bado ametulia, na umsogeze karibu nacho kidogo kidogo siku zinazofuata.

Mtoto wa mbwa asitoke barabarani kabla ya kumaliza chanjo. Wenye pua bapa wachunge zaidi: akihema kwa kelele, ulimi ukiwa mwekundu sana na anayumba, simama kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, kisha umwahishe kwa daktari wa mifugo.

Akirukaruka kwa miguu mitatu hatua chache kisha akatembea kama kawaida, huenda kifuniko cha goti kinahama. Mzuie kuruka kutoka kwenye kochi hadi apimwe.